Edmonton hadi Whitehorse kwa gari: vituo vya Alaska Highway na mambo ya kujua kabla hujawasha injini

Siku hizi watu wengi wanahamia Yukon, huku kaskazini mwa Kanada, kufuata kazi, wengine wametoka Dar, wengine Nairobi, wengine ni ndugu zetu Wakongo waliokaa Edmonton miaka na miaka, na kila anayenipigia anauliza swali lile lile, kaka ile njia ikoje. Nimeona bora niandike yote hapa niwe natuma tu, maana kwa simu huwa nasahau nusu ya mambo. Sisi tulihama familia nzima, mimi, mke wangu na watoto wawili, mwezi wa sita, gari imejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, na vyombo vingine juu kwenye keria.

Edmonton mpaka Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, ni karibu kilomita 2,000. Ukiweka kwenye simu inakwambia masaa ishirini na kitu, na hapo ndo watu wengi wanaanza kupiga hesabu, tutaondoka Ijumaa jioni tukipokezana usukani, Jumapili tumefika. Nawaomba msifanye hivyo. Simu inahesabu kilomita na spidi, haihesabu kundi la bison, wale nyati wakubwa wa huku, limelala katikati ya lami, haihesabu matengenezo ya barabara ambapo mnasimamishwa nusu saa mkisubiri gari la kuwaongoza, haihesabu sheli uliyoitegemea ukaikuta imefungwa. Hii njia panga kwa vituo. Kila kituo jiulize mafuta nimejaza, maji yapo, watoto wamenyoosha miguu, kituo kinachofuata ni wapi na kama kimefungwa nitafanyaje. Ukiipanga hivyo inakuwa safari nzuri kuliko zote ulizowahi kwenda, ukiipanga kwa kilomita inakutesa.

Aliyenifundisha hilo ni mzee mmoja Mkongo pale Edmonton, ameendesha malori ya mizigo huku kaskazini kwa miaka. Nilimfuata nyumbani kwake kabla hatujaondoka, akanikalisha, akanipa chai, akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha Lubumbashi, "Mudogo yangu, ukiona pompe ya esanse unasimama, unajaza, hauulize bei." Basi. Mengine yote alisema ni nyongeza tu. Na bei kweli inauma. Ukishapita Fort Nelson petroli ya kwenye loji za porini iko juu sana ukilinganisha na Edmonton, unaweza kusimama unaangalia namba za pampu zinavyokimbia ukasikia kizunguzungu, lakini yule mwenye loji naye mafuta analetewa na lori kutoka mbali na jenereta yake inanguruma usiku kucha ndo uone taa. Jaza. Kanuni ni nusu tanki, ikishuka nusu unatafuta sheli, sio robo.

Halafu kuna jambo la namba za maili ambalo halijaandikwa mahali pengi na linawachanganya watu. Barabara hii ilijengwa na jeshi la Marekani mwaka 1942 na sehemu nyingi zikaitwa kwa maili kutoka Dawson Creek, ambako ndo Maili Sifuri. Mpaka leo utasikia Mile 300 maana yake Fort Nelson. Lakini tangu wakati huo barabara imenyooshwa sana, kona nyingi zimekatwa, kwa hiyo imekuwa fupi na maili za zamani hazilingani tena na kilomita za kwenye gari yako. Ukichukua jina la loji lenye maili ukazidisha upate kilomita ili ujue mafuta yatakufikisha, utapata jibu la uongo. Tumia vibao vya kilomita vya pembeni mwa barabara, na pigia simu loji asubuhi kabla hujaondoka uhakikishe wako wazi na wana mafuta, maana loji nyingi zilizoko kwenye ramani na vitabu vya zamani zimebaki mabanda matupu yenye pampu zenye kutu.

Edmonton mpaka Dawson Creek ni karibu kilomita 590, mashamba na vipande vya msitu, barabara nzuri, hakuna la kueleza sana. Dawson Creek kuna nguzo ya Maili Sifuri katikati ya mji, watu wote wanapiga picha pale, sisi pia tulipiga. Hapa na Fort St. John nunua kila kitu, chakula, maji, nepi kama una mtoto mchanga, mafuta ya injini. Fort St. John ndo mara ya mwisho kuona maduka makubwa kwa bei za kawaida. Sisi tunakula halali kwa hiyo mke wangu alipika pilau na kuku wa kukaanga vyote akavigandisha, tukawa tunapasha kwenye jiko dogo la gesi kila tunapopumzika. Chakula kile kilituokoa, sio pesa tu, maana sehemu nyingi utakuta ni baga na supu na baada ya saa mbili usiku jiko limefungwa.

Sasa nisimame kidogo kwenye mto wa Sikanni Chief, kati ya Fort St. John na Fort Nelson, maana hapa watu wanapita spidi mia bila kujua. Ni mteremko mrefu, mto uko chini, kuna daraja, unapanda upande wa pili, kwisha. Lakini mwaka 1942 daraja la kwanza hapa lilijengwa na wanajeshi weusi wa kikosi cha 95 cha wahandisi wa jeshi la Marekani, kwa takriban siku tatu. Walikuwa wanafanya kazi usiku kwa taa za malori, wengine wamesimama ndani ya mto, na maji ya mito ya huku hata mwezi wa saba ukiingiza mkono unauma mpaka mfupa. Inasemekana waliweka dau mishahara yao kwamba watamaliza kabla ya muda ambao wakubwa wao walidhani. Lile daraja la mbao halipo tena.

Mimi sikuwa najua habari hii mpaka naanza kujiandaa kuhama, na iliniingia sana. Jeshi lilipeleka zaidi ya watu 10,000 kujenga barabara hii na karibu theluthi yao walikuwa weusi, vikosi vya 93, 95 na 97 na wengine, vijana wengi wametoka majimbo ya kusini ya Marekani ambako theluji ni hadithi. Jeshi lilikuwa bado linatenga weusi na weupe, weusi mara nyingi wakapewa zana mbovu, wakawekwa mbali na miji, na majira ya baridi yakawakuta kwenye mahema kwenye baridi ya chini ya nyuzi 40 hasi. Tarehe 25 Oktoba 1942 karibu na Beaver Creek, Koplo Refines Sims Jr., mweusi wa kikosi cha 97, akiwa kwenye buldoza anatokea upande wa Alaska, alikutana uso kwa uso msituni na Alfred Jalufka, mweupe, akitokea upande wa pili, na pale ndo njia ikaunganika. Kwa hiyo ukiwa Mwafrika unaendesha huku na mtu kwenye sheli akakuangalia kama anajiuliza umepotea njia, tulia, weka mafuta yako. Nimewaeleza watoto wangu habari hii pale pale mtoni na yule mkubwa ameuliza maswali mpaka Fort Nelson.

Fort Nelson lala. Hata kama bado una nguvu, lala. Weka nafasi mapema maana moteli zinajaa wafanyakazi, na bei ya chumba haiendani na chumba chenyewe, jiandae kisaikolojia. Mwezi wa tano 2024 mji huu wote ulihamishwa kwa sababu ya moto wa msitu, na ukiwa njiani utaona eneo kubwa miti imesimama myeusi tupu imeungua. Majira ya joto moto unaweza kufunga barabara muda wowote na njia ya kuzunguka ni mbali mno, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha gari fungua tovuti za hali ya barabara, DriveBC ukiwa bado upande wa jimbo la British Columbia, na 511 Yukon ukishaingia Yukon. Fungua ukiwa kwenye wifi ya moteli, maana ukishatoka mjini netiweki inakata, na ikikata inakata kweli, mpaka karibu Watson Lake, zaidi ya kilomita 500, unapata vipande vipande tu vya wifi kwenye loji.

Hilo la netiweki nataka niliseme wazi, linaogopesha. Mke wangu ni mtu jasiri lakini baada ya masaa mawili bila kuona nyumba, bila gari la mbele wala la nyuma, alinyamaza, halafu akauliza taratibu, "baba watoto, tukiharibikiwa hapa tunamwita nani?" Jibu nililokuwa nalo ni kwamba simu yangu inaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, nililifanyia mazoezi Edmonton, na nilikuwa nimemwachia shemeji ratiba yetu yote na saa ya kuwapigia simu polisi asiposikia kutoka kwetu. Kama simu yako haina hiyo kitu, azima au kodi kifaa cha setilaiti. Na watu wa huku wana desturi nzuri, ukisimama pembeni umefungua boneti, gari ya kwanza itakayopita itasimama kukuuliza kama uko salama. Sisi tulisimamishiwa wakati tunapasha pilau tu.

Baada ya Fort Nelson ndo uzuri unaanza na macho yanachoka kwa kuangalia. Barabara inageukia magharibi inaingia kwenye Milima ya Rocky, unapanda mpaka Summit Lake, mita 1,295, sehemu ya juu kuliko zote kwenye Alaska Highway, na hata mwezi wa sita tulikuta theluji imebaki kwenye mabonde. Koti lisiwe chini ya mizigo. Stone Mountain barabara inakuwa nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja, na kondoo mwitu wanasimama katikati ya lami wanalamba chumvi na madini. Hawakimbii. Ukipiga honi wanakuangalia tu. Tulizima injini tukasubiri, watoto vichwa viko dirishani, yule kondoo wa karibu alikuwa anabadilisha manyoya ya baridi, yananing'inia mafungu mafungu kwenye ubavu, unasikia ulimi wake unavyokwaruza lami, krr krr. Sijui kama nitawahi kuona tena mnyama wa porini karibu namna ile.

Toad River kuna loji ambayo dari yake yote imejaa kofia za wasafiri, maelfu ya kofia, hapo jaza mafuta. Halafu Muncho Lake, ziwa refu karibu kilomita 12, barabara inapita ukingoni kabisa, maji rangi ya kijani-buluu ambayo kwenye picha unadhani mtu kaongeza rangi. Kuna sehemu za kuegesha, zitumie, usipige picha huku unaendesha, kona ni nyingi na maji yako pale pale chini ya tairi.

Liard River Hot Springs ndo kituo ambacho kama una nafasi ya kimoja tu, chagua hiki. Chemchemi ya maji moto katikati ya msitu, unalipa kiingilio kidogo, unatembea juu ya njia ya mbao inayopita kwenye kinamasi cha maji ya uvuguvugu, halafu unafika bwawani, chini ni kokoto, pembeni miti na majani, harufu kidogo ya kiberiti. Upande wa chanzo maji yanafika hata nyuzi 52, hapo mtu huingii, unaanzia upande wa chini halafu unasogea kidogo kidogo mpaka ngozi ikuambie basi. Ukiwa ndani unagundua kwamba juu maji yanachoma na chini kwenye miguu ni baridi, inabidi uyakoroge kwa mikono. Mgongo wangu uliokuwa umekakamaa tangu Dawson Creek ulilegea pale. Unaweza kuvaa nguo za kuogelea za heshima, mke wangu aliingia na vazi lake la kufunika mwili mzima hakuna aliyemsumbua. Ila fuata matangazo ya dubu. Mwaka 1997 dubu mweusi aliua watu wawili pale, na bwawa la juu limefungwa miaka mingi kwa sababu ya dubu hao hao. Chakula hakiachwi nje hata dakika tano, hata maganda ya ndizi.

Kutoka Liard kwenda Watson Lake punguza spidi kuliko ulivyopunguza popote. Hawa bison wa msituni dume lake linafika kilo 900, rangi ni kahawia iliyoiva, jioni hulioni mpaka uko naye, na wanapenda pembeni mwa barabara maana kuna majani na sehemu ya kugaragara kwenye vumbi. Tuliwakuta na ndama wao wekundu. Msishuke kwenye gari kupiga picha, kuna mtalii tulimwona anawasogelea na simu mkononi, mwenzake anampigia kelele arudi, dume limeshainua mkia. Pia dubu weusi wanakula majani mabichi pembeni, tuliona wengi mpaka mtoto mdogo akaacha kushtuka.

Na hapa niseme kuhusu mwanga, maana unadanganya. Mwezi wa sita Whitehorse jua linazama kama saa tano na nusu usiku na kuchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri, na katikati hapo hakuna giza la maana. Mwili haupati ishara kwamba umechoka. Unaendesha unaona ni kama saa kumi jioni kumbe ni saa nne usiku, macho mazito, na wanyama ndo muda wao wa kutembea. Tuliweka sheria, saa moja jioni gari inazimwa hata jua liwe utosini. Kwa sisi tunaoswali, Maghrib usiku wa manane na Alfajiri inayofuata nyuma yake ni mtihani, tafuta mapema fatwa unayoifuata ya nchi za kaskazini na uhesabu usingizi wako humo humo, usiendeshe umelala masaa matatu. Beba pia kitambaa cheusi na utepe wa gundi, madirisha ya moteli mapazia yake hayasaidii kitu.

Watson Lake kuna kitu kinaitwa Sign Post Forest. Mwaka 1942 mwanajeshi Carl Lindley aliyekuwa ameumia alipewa kazi nyepesi ya kutengeneza vibao vya umbali, akaongeza kibao cha kwao Danville, Illinois, wengine wakafuata, na sasa kuna zaidi ya 80,000 kutoka dunia nzima. Unaruhusiwa kuongeza chako. Tuliandaa ubao nyumbani, rangi ya bluu, TANGA kwa herufi nyeupe, mke wangu akaongeza mnazi pembeni. Beba nyundo na misumari yako. Kupata mahali pa kuupigilia kulichukua muda, nguzo zimejaa, watoto wakagombania nyundo.

Teslin utavuka ghuba ya Nisutlin, na kabla ya kuondoka pita kwenye kituo cha utamaduni cha Watlingit, wenyeji wa pale, kina nguzo za kuchongwa zinazoangalia ziwa. Nilijifunza kwamba barabara hii tunayoisifia iliwaletea wao maradhi, mwaka ule wa ujenzi magonjwa kama surua yalipita kijijini yakaua watu. Mama mmoja mzee aliyekuwa akishona viatu vya ngozi alitukaribisha vizuri sana, tukamwamkia, tukakaa naye.

Gharama niliyokuwa sijaiona popote ni kioo cha mbele. Karibu na Teslin kulikuwa na kipande cha changarawe cha matengenezo, lori likatupita, jiwe likaruka, ufa kama nyota, na kufika Whitehorse umeshakuwa mstari mrefu. Huku karibu kila gari ina ufa, utaona. Kabla hujaondoka uliza bima yako kama vioo vimo na unachangia kiasi gani, nunua ile gundi ya kuziba nyota ndogo, na ukiona lori linakuja kwenye changarawe punguza spidi ujibane kulia. Tairi la spea liwe kubwa la kawaida, lile dogo la muda halifai huku. Taa za mbele ziwake mchana na usiku. Na pesa taslimu uwe nazo, kuna loji mashine ya kadi ilikuwa haifanyi kazi siku hiyo na hakuna kwingine.

Tulipokwisha kutulia Whitehorse tuliendelea mbele mpaka Kluane, eneo la milima na ziwa magharibi ya Whitehorse, na kama unahamia huku usikae mwaka hujafika. Haines Junction ni kilomita 155 tu, halafu ukuta wa milima ya theluji unakuja mbele yako. Nyuma yake, huuoni kutoka barabarani, ndiko uliko Logan, mlima mrefu kuliko yote Kanada, mita 5,959, yaani umeuzidi Kilimanjaro mita 64 tu, watoto walikataa kuamini. Kwenye ncha ya kusini ya Kluane Lake kuna vumbi linalopeperuka kama pazia, maana mwaka 2016 barafu ya Kaskawulsh ilirudi nyuma mpaka maji yaliyokuwa yanaingia ziwani yakageuza njia yakaenda upande wa pili, mto ukabaki tambarare ya udongo mkavu. Pale pale juu ni Soldier's Summit, walipofungulia barabara rasmi tarehe 20 Novemba 1942, kuna njia fupi ya miguu, pandeni. Kuelekea Burwash Landing na Beaver Creek lami inakuwa mawimbi kwa sababu ardhi ya chini imeganda na inayeyuka, spidi ipungue, keria ya juu ifungwe upya.

Mwisho ni mambo ya karatasi na baridi. Alaska ni Marekani. Ukazi wa kudumu wa Kanada na pasi ya Tanzania, Kenya au Kongo haukuvushi mpaka bila viza ya Marekani, na hilo linahusu pia Skagway na Haines, miji ya Alaska (Haines hii sio Haines Junction), ambazo kutoka Whitehorse zinaonekana kama safari ya kwenda ufukweni Jumamosi. Viza omba ukiwa bado mji mkubwa, miadi inachukua muda. Na anayekuja kati ya Oktoba na Aprili, hesabu zangu za loji zote zifute uanze upya, nyingi zinafunga, gari iwe na hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme, tairi za theluji zenyewe, mablanketi, mishumaa, koleo, na usitoke mjini kama DriveBC imeweka onyo. Mafuta hapo usisubiri hata hiyo nusu, kila pampu iliyo wazi simama.